Taa ya tangi la maji chumvi

Tanga, 14 Januari

Ndugu yangu Salim,

Salaam aleikum. Barua nimeipata, na vipimo vya tangi lako la samaki nimeviona: urefu sentimita 120, upana 50, kina 50. Hizo ni lita 300, kabla ya kuondoa nafasi ya mawe na mchanga. Unauliza ununue taa ya wati ngapi. Wati zitakuambia bili ya umeme tu. Ungekuwa unafuga samaki peke yao, LED ya wati 30 ingekutosha, na kuzidisha hapo ni kualika mwani kwenye kioo.

Lakini umesema unataka matumbawe, kwa hiyo kinachohesabika ni mwanga unaofika pale tumbawe lilipokaa. Kipimo chake kinaitwa PAR. Ndani ya nyama ya tumbawe huishi mwani mdogo mno, ambao hutengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wake. Matumbawe laini yanaridhika na PAR 50 hadi 150. Yale ya mifupa yenye nyama nene, 100 hadi 200. Ya matawi magumu yanataka 250 na zaidi. Hayo yaache mpaka tangi litimize mwaka.

Metali halaidi, zile taa za balbu zenye joto kali, nakushauri usahau, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Taa mbili za wati 250 zikiwaka kwa muda wa saa tisa zinakula uniti 4.5 kwa siku, na joto lake linashuka kwenye maji. Huko Mombasa msimu wa kaskazi maji ya tangi hufika nyuzi 29 bila msaada wa taa, na joto likikutana na mwanga mkali matumbawe hupauka upesi. Nunua LED mbili za wati 100 kila moja. Ukiziendesha kwa asilimia 60, kwa muda wa saa tisa, ni kama uniti 1.1 tu kwa siku.

Kwa nini mbili? Taa moja ya namna hiyo humulika vizuri eneo la sentimita 60 kwa 60. Ukiweka moja katikati, walio chini yake wanaungua na walio pembeni wanakaa gizani. Isitoshe, mwanga wa LED hutoka sehemu ndogo, kwa hiyo kila jiwe linatupa kivuli kikali. Taa ya pili inakifuta. Zitundike sentimita 20 hadi 25 juu ya maji. Lenzi iwe ya kutawanya mwanga kwa pembe ya nyuzi 90 hadi 120. Za nyuzi 60 zimetengenezwa kwa matangi ya kina kirefu; kwako zitachoma doa moja.

Rangi: hakikisha buluu na zambarau zina swichi yake, mbali na ile ya nyeupe. Anza na buluu asilimia 70, nyeupe 20, nyekundu na kijani zisizidi 5. Na ukienda kununua matumbawe, mwombe muuzaji awashe taa nyeupe kwanza. Chini ya buluu hata lililopauka linang'aa kijani, ukarudi nyumbani na mgonjwa.

Wengi huharibu wiki ya kwanza. Taa mpya iwashe kwa asilimia 30, kwa muda wa saa sita, kisha ongeza asilimia 5 kila wiki mpaka ufike 60. Tumbawe jipya liweke kwanza mchangani, ulipandishe kidogo kidogo. Mwanga ukizidi ghafla, ule mwani wa ndani hutoa oksijeni yenye sumu, tumbawe likaufukuza. Utaona linafifia, halifunguki, nyama inajivuta kutoka ncha. Likiwa kahawia na kurefuka kuelekea juu, mwanga haulitoshi, ingawa kahawia peke yake yaweza pia kuwa naitreti nyingi, uchafu utokanao na chakula na kinyesi cha samaki. Pima maji kabla hujagusa taa.

Programu ya simu ya kupima mwanga isikudanganye. Imefuata jicho la mtu, linaloona kijani vizuri kuliko buluu, hivyo chini ya taa yako itasoma kidogo mno. Itumie kulinganisha kona na kona tu. Kipimo halisi cha PAR ni ghali, azima.

Taima usinunue ile ya kuzungusha kwa mkono. Umeme ukikatika inasimama, ukirudi inaendelea ilipoishia, na baada ya wiki chache taa inawaka usiku wa manane. Chukua yenye betri ndani. Waya ushuke chini ya soketi kabla haujapanda kuingia, ili tone la maji lidondokee sakafuni, na weka sakiti breka ya kuzuia mshtuko, ya miliampea 30. Chumvi hupenda feni ya taa: ifute kila mwezi kwa kitambaa cha maji yasiyo na chumvi, plagi ikiwa imetolewa.

Kabla hujalipa, nitumie picha ya kibandiko cha nyuma ya taa na moja ya lenzi kwa karibu. Wasalimie nyumbani.

Wako,
Athumani