Fomu ya "sitadai" sio karatasi ya bure

Mhariri, salamu.

Nimeisoma ile makala yenu ya fomu za kuondoa dhima, yaani zile unazosaini kwamba ukiumia hutawadai, tunazopewa jimu, kwenye mbio za baiskeli, kupanda mlima, hata shuleni watoto wakienda ziara, na mwandishi wenu kamalizia kwamba we saini tu, mahakamani hazina nguvu. Hapana jamani, hilo litawaumiza watu. Na wale wanaosema ukishasaini umekwisha nao wanapotosha vilevile. Inategemea kimeandikwa nini, umeonyeshwa saa ngapi na sheria ya pale ulipo inasemaje.

Uingereza kwa mfano, tangu sheria ya mwaka 1977 biashara haiwezi kujivua dhima ya kifo au majeraha yaliyoletwa na uzembe wake, waandike watakavyo. California nako, mwaka 1963 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilitupa fomu aliyosainishwa mgonjwa wakati analazwa, maana mtu anayetafuta matibabu hana ubavu wa kubishana na hospitali. Lakini California hiyohiyo ukisaini kwa ajili ya michezo au burudani mara nyingi fomu inasimama, kinachobaki nje ni uzembe uliokithiri, na hilo walilisema 2007 kwenye kesi ya binti mlemavu aliyezama kambini, mama yake alikuwa amesaini. Sasa mwambie mtu wa hivyo kwamba fomu haina maana!

Kitu ambacho makala haikukigusa kabisa ni kipengele cha kufidia. Fomu nyingi zinabana mambo matatu kwenye aya moja ya herufi za sisimizi: kwanza unakubali kwamba shughuli ina hatari, hiyo sawa, pili unasamehe hata uzembe wao, alafu tatu, pale ambapo macho yameshachoka, unaahidi kuwalipia hasara na gharama za mawakili endapo mtu mwingine atawadai kwa sababu yako. Yaani mwanao akigongana na mtoto wa mwenzio kwenye bwawa, mzazi yule akiwadai wenye bwawa, wao wanakuja kwako. Umekuja kuogelea unaondoka umegeuka kampuni yao ya bima.

Alafu kuna hati za baada ya ajali, hizi ndo za kuogopa zaidi. Fomu ya kabla unasamehe kitu ambacho hakijatokea, ndo maana mahakama nyingi zinaibana, ila ya baada umeshaumia, wanakuletea hela na karatasi, ukipokea na kusaini kuitengua ni shughuli pevu. Tafuta maneno "madai yote yanayojulikana na yasiyojulikana", hayo yakiwepo na mgongo ukaanza kusumbua miezi mitatu baadaye wanakuonyesha saini yako. Usisaini kabla daktari hajamaliza vipimo, hata wakikwambia ofa inaisha leo.

Na nyie mnaoandaa hizi fomu, kukopi ya mtu kwenye intaneti na kubadilisha jina la klabu hakutawasaidia. Fomu ya kupiga mbizi ikiongelea farasi hakimu ataiamini vipi? Taja hatari zenyewe, kamba kukatika, mawe kuporomoka, kama mnataka kusamehewa uzembe andikeni neno uzembe waziwazi, herufi zisomeke, na watu wapewe kabla ya kulipa sio wakishafika getini. Kuna kesi ya Uingereza ya 1971, maegesho ya magari, tiketi ilitoka kwenye mashine ikimrejesha dereva kwenye masharti yaliyobandikwa ndani, mahakama ikasema masharti hayo yamechelewa, mkataba ulishafungwa. Na saini ya mzazi kuna sehemu haifungi madai ya mtoto kabisa, kwa hiyo bima kateni tu, fomu haichukui nafasi yake.

Msomaji naye aombe kopi yake, na kipengele asichokitaka akikate kwa kalamu kabla ya kusaini na mhusika aweke saini pembeni, wengine wanakubali wengine watagoma.

Mkirudia hii mada naomba mumpe wakili nafasi, hasa kwenye hizo hati za baada ya ajali, maana watu wanazisaini wakiwa bado kitandani.

Msomaji wenu wa siku nyingi