Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kazi Zetu za 2024

Ndugu wanachama, wazee wetu shikamooni, na wengine wote habari za leo. Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Huu ni mwaka wangu wa tatu kwenye kiti hiki cha chama chetu cha kusaidiana mtaani. Mwaka jana mliniambia taarifa yangu ilikuwa ndefu na ina sifa nyingi. Safari hii sifa nimezipunguza. Kuhusu urefu mtanivumilia, mwalimu mstaafu hana namna ya kufupisha.

Kabla ya yote naomba tusimame dakika moja kwa ajili ya wenzetu wawili tuliowazika mwaka huu, mmoja mwezi wa Mei na mmoja Septemba. Wote wawili walikuwa watu wa kufika mapema kwenye kazi na kuondoka mwisho. Pengo lao tumeliona kila Jumamosi.

Sasa naanza na tangi, maana najua ndilo mnalolisubiri.

Mwanzoni mwa mwaka tulikubaliana kuinunulia shule ya msingi ya mtaani kwetu tangi la lita 5,000 la kuvunia maji ya mvua. Sababu mnazijua. Bomba la shule linaweza kukauka siku tatu mfululizo, na hapo watoto huagizwa kuja na madumu ambayo nusu yake yanamwagikia njiani. Hesabu nilizipiga mwenyewe ubaoni, mbele yenu. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati inatoa lita moja ya maji. Upande mmoja wa paa la lile darasa refu ni mita 20 kwa 5, yaani mita za mraba 100, kwa hiyo milimita 10 ni lita 1,000. Ukiondoa maji yanayorukia nje na yale ya kwanza ya kuoshea bati, milimita 60 na ushee zinajaza tangi. Masika ya Tanga na milimita 60 ni vitu viwili visivyogombana. Mlipiga makofi, na mimi nikajiona.

Tangi likaja na guta mwishoni mwa Machi. Gata, ile mifereji ya kukinga maji ya paa, hazikuwepo. Tulikuwa tumetenga fedha ya tangi, ya usafiri na ya fundi wa kujenga kitako, lakini gata tulisema tutazichangia baadaye, na hiyo baadaye ikawa Mei. Mvua yote ya Aprili, na mnakumbuka Aprili ile ilivyonyesha, ilishuka kwenye bati, ikapita hatua mbili kutoka kwenye mdomo wa tangi jipya, ikaenda zake mtaroni.

Gata zikafungwa, maji yakaingia, tukaita watoto. Wa kwanza alikuwa binti wa darasa la tano. Akaja na ndoo ya lita 20, akaisukuma chini ya koki. Haikuingia. Kitako kilikuwa kimejengwa kwa kimo cha tofali mbili, na koki ilikuwa inagonga ubavuni mwa ndoo. Akailaza upande, ikajaa robo, akatutazama kama anayeuliza kama huo ndio mchezo wenyewe. Nimefundisha hesabu miaka 31. Nilikuwa nimepima paa, nimepima mvua, sikupima ndoo.

Tukafanya wafanyavyo watu waliokosea lakini hawataki kubomoa: tukachimba shimo mbele ya koki ili ndoo ikae chini. Baada ya wiki mbili shimo likawa tope, kisha likawa mazalia ya mbu. Julai tukayafungulia maji yakatoka yote, vijana wanane wakalihamisha tangi, fundi akapandisha kitako mpaka ndoo inaingia na mkono unapita juu yake, akaweka na kijifereji cha kupeleka maji ya kudondoka kwenye mgomba wa pembeni. Vuli ilipoanza tangi lilijaa, na mpaka leo linatumika. Gharama za kujenga kitako mara ya pili mtazisikia kwa mhazini. Alitaka kuziandika "matengenezo". Nimemwomba aziandike "kosa la mwenyekiti".

Mama anayepika uji pale shuleni aliniambia siku ile ya Julai, huku akiteka: "Mwalimu, ungeniuliza ningekwambia. Mimi ndiye ninayeinama hapa kila siku." Sikuwa na la kumjibu.

Agosti tukawa tayari kumwezekea bati bibi yetu wa barabara ya pili. Vijana walishachanga bati, na mmoja alishaanza kutafuta mbao. Safari hii tulituma kwanza akina mama wawili wakazungumze naye. Wakarudi na majibu ambayo hakuna aliyeyatarajia. Bati hataki. Nyumba itakuwa tanuri, na mvua ikipiga hatasikia redio yake. Makuti yanavuja upande wa kusini tu, kwa hiyo yabadilishwe ya upande huo. Anachotaka hasa ni viwili: ukuta wa jikoni uliomeguka ukandikwe, na chooni awekewe mti wa kushikilia, maana magoti yakishuka hayapandi tena. Alikuwa ameacha kunywa maji kuanzia alasiri ili usiku asihitaji kwenda chooni. Sisi tulikuwa tunahesabu bati.

Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, ulikuwa Jumamosi moja. Waliokuwepo wanakumbuka udongo ulivyokanyagwa pale uani, watu wamekunja suruali mpaka magotini, watoto wakitaka nao waingie na mama zao wakiwafukuza bila nia ya kuwafukuza. Fito zilizooza zilitolewa, mpya zikafungwa, na madonge yakarushwa kutoka mkono hadi mkono. Bibi alikaa kwenye mkeka akisimamia. Alimrudisha kijana mmoja mara tatu kwa kukandika "kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate". Makuti ya viungo, kamba, misumari na ule mti wa chooni ni karibu vyote tulivyonunua. Kwa fedha, hii ni kazi ndogo kuliko zote za mwaka, na mimi naihesabu kuwa ndiyo bora. Bati zimehifadhiwa kwa katibu, zinangoja anayezihitaji.

Damu. Miaka ya nyuma tulikuwa tunakwenda kwa kishindo tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, tumevaa fulana zinazofanana, tunapiga picha na kurudi nyumbani mpaka mwaka mwingine. Wauguzi walitushukuru kwa adabu, kisha mmoja akatueleza ukweli. Damu ikishatolewa inakaa kwenye jokofu siku 35 hivi, basi. Watu 40 wakitoa siku moja, miezi inayofuata jokofu linarudi kuwa tupu, na mama aliyetoka damu wakati wa kujifungua mwezi wa Oktoba hasaidiwi na fulana zetu za Juni. Kwa hiyo sasa tumejigawa makundi. Mwanaume anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne, na ratiba ya kila kundi anayo katibu. Masharti ni yale yale: umri miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, afya njema. Kunyweni chai kabla ya kwenda! Kijana wetu mmoja alikwenda na njaa akidhani ni kama kupima sukari, akaanguka hata kabla ya kufika kitandani. Mimi mwenyewe nilirudishwa kwa ajili ya presha. Nimekuwa mtu wa kubeba soda za wengine, na kazi hiyo naiweza.

Akina mama wa cherehani wameendelea na taulo za kike za kufua kwa wasichana wa sekondari. Kuna aliyeuliza kwenye kikao cha Februari kwa nini tusinunue tu za dukani. Mtakumbuka mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo, na bei dukani haikushuka kama ilivyokusudiwa, na mwaka uliofuata kodi ikarudishwa. Pakiti inaisha mwezi ule ule. Hizi za flana zikitunzwa zinamaliza mwaka. Tatizo lililojitokeza lilikuwa kuzianika. Wasichana walikuwa wanazificha chini ya godoro zikiwa mbichi, nazo lazima zipigwe na jua. Fundi wetu mmoja, ambaye hapendi kutajwa, akaanza kushona upande wa juu kwa vipande vya kanga, maua na rangi, taulo ikikunjwa na kufungwa kifungo huwezi kujua ni nini. Sasa zinaning'inia kambani mchana kweupe. Wasichana wenyewe wameomba tuongeze chupi na sabuni ya mche, kwa sababu taulo bila hivyo viwili ni nusu ya msaada. Nimeingiza kwenye bajeti.

Mafuriko ya Rufiji na Kibiti ya mwezi wa Aprili yalitukuta na sisi tunalia na mvua yetu, lakini mlichanga. Viroba vya nguo vilijaa baraza langu. Kwenye viroba hivyo nilikuta kiatu cha kulia bila cha kushoto, na suti ya harusi. Sitaki kumkera aliyeleta, ila namwomba aje aichukue suti yake. Ndugu yetu anayeishi Ikwiriri alipopigiwa simu alisema nguo wanazo, kilichozama ni mashamba: wanataka mbegu za mahindi ya muda mfupi, vyandarua na sufuria. Nguo nyingi tuliziuza hapa hapa kama mitumba, tukaongeza na kidogo cha mfuko, vikaenda hivyo alivyovitaja. Tulichelewa, maana kuuza nguo kulituchukua wiki tatu.

Mwezi wa Novemba ulikuwa na uchaguzi wa serikali za mitaa, tarehe 27, na mnajua msimu ule wema unavyozidi. Mgombea mmoja alitujia na mchele, akataka tuugawe kwa orodha yetu ya kaya, yeye akiwepo na kofia yake. Kamati ilimjibu kwa upole kwamba chama hiki kina watu wa kofia zote, na kwamba mchele utapokelewa kwa furaha tarehe 28. Hatujamwona mpaka leo.

Nafika kwenye jambo lililoniumiza. Mwezi wa Februari tuliwapa viatu vya shule watoto kadhaa. Mmoja wetu, kwa nia njema kabisa, alimpiga picha mtoto mmoja akivikwa kiatu, akairusha kwenye makundi ya WhatsApp. Picha ikazunguka, ikafika mpaka kwa wenye watoto wanaosoma naye. Shuleni akaitwa "mtoto wa msaada". Wiki iliyofuata baba yake alinijia baada ya Isha. Alikuwa na viatu vile vimefungwa kwenye gazeti, vimesafishwa hadi soli. Akaviweka barazani. Nilimkaribisha akae, hakukaa. Nikaagiza maji, hakunywa. Akasema, "Mwalimu, nashukuru, lakini mwanangu atakwenda na ndala." Akaondoka.

Tangu siku hiyo kamati imepiga marufuku picha inayoonyesha sura ya anayesaidiwa. Iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kuna waliotaka niitaje kwanza ili marufuku ipate nguvu. Nimeitaja. Lakini hata isingekuwepo, nani kati yetu angependa siku yake ya dhiki iwe kwenye simu za watu? Wafadhili wetu wa Dar es Salaam walilalamika kwamba bila picha hawajui fedha inakwenda wapi. Tunawatumia risiti, na picha za kazi: ukuta, tangi, cherehani. Mmoja amejitoa. Viatu na madaftari sasa anakabidhiwa mzazi, nyumbani, bila hotuba. Kwa yule baba nimekwenda mara mbili kuomba radhi. Mara ya pili alikubali kikombe cha kahawa. Viatu bado viko kwangu, na mtoto miguu inakua.

Fedha nitaiacha kwa mhazini, ila la ada nalisema mimi, yeye ana haya. Ada ni 3,000 kwa mwezi, na waliolipa miezi yote 12 hawafiki nusu yetu. Wakati huo huo, baadhi ya wenye madeni makubwa ndio waliokanyaga udongo na kulibeba tangi. Kuna hoja mezani kwamba siku moja ya msaragambo ihesabiwe kuwa ada ya mwezi. Kamati imegawanyika. Mimi siiungi mkono, kwa kuwa naogopa siku tutakapoanza kuulizana nani alirusha madonge mangapi, na naogopa pia wenye fedha wataona wamekwishanunua Jumamosi zao. Lakini wanaoiunga mkono wana hoja nzito, na mmoja wao ni fundi aliyenijengea kitako cha pili bila kudai ujira. Mtapiga kura leo, nami nitatekeleza mtakaloamua.

Kwa 2025 sina mradi mkubwa wa kuwaletea. Tuendelee na damu na taulo, tupeleke mti wa kushikilia kwenye vyoo vya wazee wengine sita ambao akina mama wamekwishaongea nao, na yule bibi ameomba tukague makuti kabla ya masika. Katiba inataka uchaguzi wa viongozi mwezi wa Agosti. Mjiandae, mimi sigombei.

Jumamosi ijayo, saa moja asubuhi, tunaanza na choo cha mzee wetu wa karibu na gengeni. Panahitajika sululu mbili, karai na msumeno. Nyundo ninayo. Na tafadhali, mmoja aje na futi, apime badala yangu.