Wahandisi vijana wasikimbilie uzamivu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie swali ambalo wahandisi vijana wa hapa Mbeya, hasa wanaohitimu Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, hutuuliza mara kwa mara sisi tuliowatangulia kazini: baada ya shahada ya kwanza, mtu asome uzamili, yaani shahada ya pili, na kuishia hapo, au aunganishe hadi uzamivu, yaani shahada ya udaktari? Kwa maoni yangu, walio wengi uzamili unawatosha, tena wausome baada ya kusajiliwa.

Naanza na usajili kwa sababu ndio unaosahaulika. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997 haimdai mtu shahada ya pili wala ya tatu ili atambuliwe kuwa mhandisi mtaalamu. Inadai shahada ya kwanza ya uhandisi na uzoefu wa kazi usiopungua miaka 3. Kijana anayetoka darasani na kurudi darasani mfululizo anaweza kuvuka umri wa miaka 30 akiwa na tasnifu mbili kabatini, ilhali hajaruhusiwa kuidhinisha mchoro wa kalavati. Harusini ataitwa Daktari, hilo sikatai.

Jambo la pili ni kwamba shahada hizi mbili zinamwandaa mtu kwa kazi tofauti, na mfano wake tunao Rungwe. Mhandisi anayejenga barabara kwenye miteremko ya Tukuyu, ambako mvua ni nyingi na udongo umetokana na majivu ya volkano, anahitaji kujua kwa undani mbinu za kupitisha maji, kuzuia maporomoko na kuimarisha tabaka la chini la barabara. Mbinu hizo zimekwisha kuandikwa, na uzamili wa miaka 2 hivi, wenye masomo ya darasani na tasnifu fupi, unamfundisha kuzitumia. Lakini udongo wa aina hiyo una tabia ya ajabu: sampuli ikikaushwa kabla ya kupimwa, sifa zake zinaweza kubadilika na zisirudi hata ukiulowesha tena, kiasi kwamba majibu ya maabara yanatofautiana na hali halisi iliyopo chini ya barabara. Anayetaka kujua mabadiliko hayo ni makubwa kiasi gani katika udongo wa Rungwe, na vipimo vyetu virekebishwe vipi, huyo ana swali la uzamivu, na namsihi aende. Asiye na swali la namna hiyo atatumia miaka 3 au 4 akilitafuta, huku msimamizi wake akichoka pamoja naye.

Wapo pia wanaolenga kufundisha. Kwao hakuna mjadala mrefu, kwa kuwa katika vyuo vikuu vyetu mwenye uzamili huanza kama mhadhiri msaidizi, na uhadhiri kamili hudai uzamivu. Kwa mkandarasi au ofisi ya mhandisi mshauri, hata hivyo, sijaona kazi ya usimamizi wa ujenzi iliyomwendea mtu kwa sababu tu ana uzamivu. Kinachoangaliwa kwanza ni usajili na miradi aliyoisimamia.

Kuhusu fedha, vijana wanasikia habari za Marekani bila kuzimaliza. Ni kweli kwamba huko vyuo vingi hupokea wanafunzi wa uzamivu wa uhandisi moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, huwasamehe ada na kuwapa posho ya kujikimu ili wafundishe au wafanye utafiti, ilhali wale wa uzamili mara nyingi hujilipia. Nafuu hiyo huwavuta hata wasiopenda utafiti, na wengi wanasahau kwamba safari yenyewe huchukua miaka 5 au zaidi. Ukosefu wa ajira ni tatizo la kweli, nami silidharau, ila kujificha ndani ya uzamivu hakuliondoi. Kunalisogeza mbele tu.

Naviomba basi vyuo vyetu, vinapotangaza nafasi za uzamivu wa uhandisi, vitaje mada inayotafitiwa, msimamizi, maabara itakayotumika na nani atalipia vipimo. Tangazo linaloonyesha ada na siku ya mwisho ya kuomba peke yake halimpi kijana chochote cha kupimia uamuzi wake.

Mhandisi wa ujenzi,
Uyole, Mbeya.