Nimepanga nyumba kijijini kwetu, nikaandikwa mgeni

Dada mshauri, habari za kazi. Najua kwa umri wewe ni mdogo kwangu, lakini nimezoea kukuita dada kwa jinsi unavyowajibu watu. Sasa ni saa tisa usiku, baba watoto amelala, na upepo wa Dodoma unaujua mwenyewe mwezi huu unavyopiga mabati. Sijalala tangu juzi.

Kwanza usinielewe vibaya, sijakimbia ndoa. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha huku tangu 1988, nimezaa huku, nimejenga huku na mume wangu, Mrangi wa Kondoa, mtu mpole ambaye hajawahi kuninyooshea mkono. Mwaka jana nilitimiza miaka 60 nikastaafu. Kiinua mgongo kimemaliza ada ya mtoto wa mwisho na kuezeka upya nyumba. Kidogo kilichobaki nikasema nitafanyia jambo moja la moyo wangu. Hilo ni kosa?

Nimepanga nyumba kijijini kwetu, Pangani, ng'ambo ya mto, ukishuka kivuko pale Bweni unaelekea kusini. Vyumba viwili na sebule, bati limeshaanza kuliwa na chumvi. Kisima kipo nyuma, ila maji yake ni ya kufulia tu, ya kunywa unanunua kwa ndoo. Elfu hamsini kwa mwezi, nimelipa miezi sita kwa mkupuo, na dalali akachukua ya mwezi mmoja juu yake. Dalali mwenyewe ni kijana ambaye bibi yake tulikuwa tukichota maji pamoja.

Kilichoniuma si hela. Mtendaji wa kijiji alinidai barua ya utambulisho kutoka mtaa ninaoishi. Nikamwambia, mwanangu, mimi ni mtoto wa hapa, kitovu changu kimezikwa chini ya mnazi pale. Akanisikiliza kwa adabu, simlaumu, hanijui. Akasema, mama, utaratibu ni utaratibu. Nikarudi Dodoma kufuata barua. Treni ya umeme hadi Morogoro, basi hadi Tanga, gari dogo hadi Pangani, kivuko, bodaboda, safari hiyo nimeifanya mara mbili. Mkataba umeandikwa kwenye karatasi mbili za daftari, muhuri umegongwa, na pale juu kwa kalamu ya bluu: "Mpangaji: mgeni kutoka Dodoma." Ninao hapa mezani. Neno mgeni limeandikwa vizuri tu, herufi za duara, mwandiko ule ule niliokuwa nikiwafundisha watoto wa darasa la pili.

Unajua kwa nini napanga kwetu? Mama alifariki 2014. Arobaini haijafika, kaka yangu wa tumbo moja akauza nyumba, kiwanja na minazi yote. Sikuulizwa. Nilipompigia simu akasema wewe umeolewa, kwenu ni Dodoma. Shehe aliniambia mtoto wa kike ana fungu lake, ni nusu ya la kaka lakini ni lake. Sikufuatilia. Watoto walikuwa shule, na sikutaka watu waseme tunagombea vya marehemu. Msaidizi wa kisheria mmoja wa huku ameniambia madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12. Mimi sitaki mahakama, Dada. Nimeihesabu tu. Inatimia 2026.

Nyumba niliyopanga inatazamana na kiwanja chetu. Sikuichagua kwa sababu hiyo, ndiyo iliyopatikana. Ni kweli kulikuwa na nyingine karibu na msikiti, ya bei hiyo hiyo na nzuri zaidi, lakini haina kibaraza. Aliyenunua kwetu amezungusha ukuta wa matofali na minazi ameikata, umebaki mmoja umeinamia barabarani. Nadhani ndio wangu. Sina hakika, aliyekuwa anaujua ni mama. Siku ile nilikaa kibarazani nikiutazama mpaka adhana ya magharibi, watu wakipita wakinisalimia: "Karibu mgeni."

Baba watoto hajui lolote. Safari ya kwanza nilimwambia nakwenda msibani, ya pili nakwenda kumjulia hali shangazi. Ndio uongo wangu wa kwanza kwake kwa miaka 34. Naogopa ataniuliza utakaa na nani huko, na jibu langu linabadilika kila usiku. Kuna usiku nasema twende wote, joto la pwani litamfaa magoti yake, baridi ya mwezi wa saba huku inamtesa. Kuna usiku nasema niende peke yangu, nikae hata mwezi mmoja bila kumpikia mtu. Halafu yeye ana alizeti yake Kondoa, hawezi kuiacha, na mimi sijui kama nasikitika au nafurahi kwamba hawezi.

Juzi mwanangu wa kwanza aliuona mkataba. Akasema, "Mama, mtu anapanga ugenini. Kwao mtu anapanga vipi?" Hakusema kwa ubaya, lakini toka hapo usingizi umekata. Amesema nisipomwambia baba kabla ya tarehe mosi, atamwambia yeye.

Na jingine, sikutaka hata kuliandika. Kaka anaumwa. Sukari, na wanasema mguu umeharibika. Anakaa Tanga mjini. Kwenda na kurudi nimebadilisha gari Tanga mara nne, kutoka stendi kwake ni mwendo wa bajaji tu, na sikwenda. Mara ya nne nilimsimamisha bajaji, nikapatana naye bei, nikamwambia basi.

Ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kanga, baba watoto hajauona. Kodi inaanza kuhesabiwa tarehe mosi. Nimwambie nini mume wangu, na nianze na yeye au nianze na kaka? Na nikienda kwa kaka, niende na mkataba huu ausome, au niende mikono mitupu kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa?

Jina langu usiliandike.

Mwalimu mstaafu, Dodoma