Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: bibi aliyepimwa na bado haoni

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Napita nyumba kwa nyumba kupima macho ya wazee, na vifaa vyangu vyote vinaenea mfuko mmoja: chati ya herufi E, kamba ya kupimia umbali, tochi na kadi yenye tundu dogo. Anayeshindwa chati nampa kadi achungulie tunduni. Akiona vizuri zaidi, mara nyingi anahitaji miwani tu. Asipoona, namulika mboni. Nikikuta weupe, naandika rufaa.

Kupima ndiyo sehemu rahisi.

Bibi mmoja nilimkuta anajimiminia maji huku kidole kimening'inia ndani ya kikombe, ajue yamefika wapi. "Uzee tu, mwanangu," akaniambia. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Miezi minne baadaye karatasi yangu ya rufaa ilikuwa bado chini ya godoro lake. Mwanawe hakuweza kuacha kibarua ili amsindikize, na yeye alikuwa amesikia kwamba jicho hung'olewa, likaoshwa, likarudishwa. (Uvumi huu nimeuzoea hata siku hizi nauanza mimi kabla sijaulizwa.) Kwenye ripoti yetu, bibi huyo ni mafanikio: amepimwa, amepewa rufaa.

Mtoto wa jicho haondolewi kwa matone. Upasuaji wake kwa kawaida hauzidi nusu saa: jicho linatiwa ganzi, lenzi iliyoingia ukungu inatolewa, ya bandia inawekwa. Harold Ridley alipandikiza ya kwanza London mwaka 1949, kwa hiyo hatumwombi mzee awe wa kujaribiwa.

Mwaka 2021 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kwamba ifikapo 2030 kati ya wanaohitaji upasuaji huu, kiwango cha wanaopata huduma fanisi kiongezeke kwa pointi 30 za asilimia, kwa mfano kutoka 20 hadi 50 kwa kila watu 100. Uzito uko kwenye neno "fanisi": kinachohesabiwa ni jicho linaloona vizuri baada ya kupasuliwa, kiwango cha 6/12 au zaidi, yaani kusoma kwa mita 6 kile ambacho jicho zima husoma kwa mita 12. Fomu ninayojaza haina hata safu ya kuuliza hilo.

Naomba iongezwe. Naomba pia rufaa itoke ikiwa na tarehe ya upasuaji na usafiri wa mzee pamoja na msindikizaji. Na tumtumie mzee aliyekwisha kupona aende kuzungumza na wenzake. Neno lake moja linashinda mahubiri yangu ya asubuhi nzima. Wenye presha ya macho wasichanganywe humo, maana uoni uliopotea kwa ugonjwa huo haurudi, nao wanahitaji daktari mapema.

Bibi yule nimemwandikia rufaa ya pili. Karatasi haina mahali pa tarehe ya upasuaji, nimepachora mwenyewe kwa kalamu na kupaacha wazi.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii