Barua kwa mwanangu, mweka hazina wa timu

Mwanangu,

Ugonile? Huku Tukuyu hatujambo, ila mvua ndiyo haijakata. Mama yako anakusalimu sana.

Nimefurahi mno kusikia wenzako hapo Mwanjelwa, Mbeya, wamekupa uweka hazina wa timu ya mtaa. Umeniuliza kama timu isiyo na tajiri inaweza kufika popote. Inaweza, na ushahidi uko nyumbani kwenu. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji huu mdogo wa chai na ndizi, ilipanda ligi kuu na msimu huohuo ikatwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Simba walikuwepo, Yanga walikuwepo, na ubingwa ukaja huku kwetu Rungwe.

Mpira wa siku hizo ulikuwa wa ridhaa. Mchezaji ulimkuta kazini asubuhi, jioni yuko mazoezini. Mvua ikinyesha, uwanja wetu ulikuwa tope tupu. Mpira unanasa, mgeni anapiga teke tope linamrukia usoni; kijana wa hapa anaudokoa kwa ncha ya kiatu, unanyanyuka, keshaondoka nao. Nikikumbuka hilo mwili unanisisimka hadi leo. Mechi za ugenini tulizifuata Redio Tanzania, tumejazana kwenye baraza la duka, ole wake atakayekohoa wakati wa kona.

Kilichotuangusha baadaye, wengine watakuambia ni bahati. Mimi nasema ni mfuko. Wachezaji wazuri walichukuliwa Dar es Salaam. Hata Sekilojo Chambua, unayemsikia akitajwa kwa Yanga, alipitia kwetu. Tukabaki na mashabiki tele, walipa ada wa kuhesabu. Timu ya Prisons ina Jeshi la Magereza nyuma yake. Mbeya City ilianzishwa na halmashauri ya jiji mwaka 2011, na msimu wake wa kwanza ligi kuu, 2013/14, ikamaliza ya tatu. Sisi tulikuwa na wananchi tu, nasi tuliikumbuka timu siku ya mechi.

Kingine ni uwanja. Sokoine hapo mjini kwenu, Samora Iringa, Majimaji Songea, vyote ni vya CCM. Timu inayocheza humo ni mpangaji. Kwa hiyo msikae mkidhani kiwanja cha mtaa ni chenu kwa sababu mmekizoea. Nendeni serikali ya mtaa mkaulize kama eneo limetengwa kwa michezo, mwombe barua. Siku mtu akija na mawe ya msingi, muwe na cha kumwonyesha.

Ada kusanya kila mwezi, hata shilingi 1,000, na kila anayetoa apate risiti. Nimekutumia 20,000 kwenye simu. Usiiandike msaada. Iandike ada, jina langu liingie kwenye daftari la wanachama.

Baba yako