Tumuulize mgonjwa baada ya miezi sita

Ndugu Mhariri,

Wasomaji wako wamekuwa wakibishana katika safu hii ni hospitali ipi ya Nyanda za Juu Kusini inayotoa huduma nzuri. Mmoja anataja foleni, mwingine kauli za wahudumu, mwingine majengo mapya. Sibezi, foleni inachosha kweli. Ila katika barua zote nilizosoma, hakuna aliyeuliza kama wagonjwa wenyewe walipata nafuu.

Nimekuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji hadi kustaafu. Vitabu vya MTUHA, yaani vya kumbukumbu za huduma za afya, tulivijaza kila siku: nani kaingia, ana ugonjwa gani, katoka lini. Mgonjwa akisharuhusiwa, habari zake zinaishia hapo. Mama aliyepasuliwa goti akarudi Rungwe na kushindwa kuteremka bondeni shambani kwake, kwenye ripoti ni kazi iliyofanikiwa.

Nyota za ubora zilizoanza kutolewa mwaka 2015 kwa vituo vya ngazi ya msingi zilisaidia, maana zilikagua uongozi, watumishi na majengo. Sanduku la maoni nalo lina kazi yake, kueleza mtu alivyopokewa. Lakini mtu anaweza kupokewa kwa tabasamu asipone, na mwingine akafokewa mapokezi na bado akatoka mzima.

Huko England, tangu Aprili 2009, waliopasuliwa nyonga, goti, ngiri ya kinena au mishipa ya miguu iliyovimba kwa gharama za serikali waliombwa kujaza dodoso kabla ya upasuaji na jingine baadaye: miezi sita kwa nyonga na goti, mitatu kwa hizo nyingine. La nyonga lina maswali 12 na alama 0 hadi 48. La goti vivyo hivyo. Kinachopimwa ni tofauti kati ya alama za kabla na za baada. Kisha hospitali hulinganishwa, baada ya kuzingatia umri wa wagonjwa na hali waliyokuja nayo.

Hilo la mwisho naomba lisirukwe. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya hupokea wagonjwa walioshindikana Songwe, Rukwa na Katavi, wengine wakiwa wamechelewa mno. Ukiipima kwa alama tupu na hospitali inayopasua watumishi wa mjini wenye afya, utaiaibisha bure. Daktari naye akijua kwamba atahukumiwa hivyo, ataanza kuwakwepa wagonjwa wagumu. Ndiyo maana singependa alama hizi zifungwe kwenye posho au malipo ya bima tangu mwanzo.

Na dodoso lenyewe tusilichukue kama lilivyo. La nyonga huuliza habari za kuvaa soksi na kupanda gari. Kwetu muulize mzee kama anaweza kuchuchumaa chooni, kupanda bodaboda, kushuka mteremko akiwa na mkungu wa ndizi. Ukimuuliza tu "unaendeleaje", atakujibu "namshukuru Mungu", hata kama usiku halali kwa maumivu. Maswali ya jumla yaliwasumbua hata Waingereza. Kwa dodoso la afya ya jumla, linalouliza kuhusu kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu na wasiwasi, ni takriban nusu tu ya waliopasuliwa ngiri walioonekana kupata nafuu, wakati kwa nyonga walikuwa karibu tisa katika kila kumi. Sidhani kwamba wapasuaji wa ngiri walikuwa wabovu kiasi hicho. Wengi wa wagonjwa wao walikuwa na alama nzuri tangu mwanzo, na dodoso halikuwa na swali mahususi kuhusu ngiri. Mwaka 2017 ngiri na mishipa ya miguu viliondolewa kwenye mpango.

Kwetu shida kubwa itakuwa simu. Namba iliyoandikwa kwenye faili mara nyingi ni ya mtoto aliyeko Makambako au Dar, na mzee yuko kijijini. Anayepiga asiwe muuguzi wa wodi ileile, maana hakuna mgonjwa atakayemwambia aliyemfunga kidonda kwamba kazi haikufaa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kuifanya kazi hii, mradi walipwe nauli. Na wale ambao hawakupatikana wahesabiwe na kutajwa, kwa sababu huenda ndio walio na hali mbaya zaidi.

Naziomba hospitali za rufaa za mikoa ya Mbeya na Iringa zianze na upasuaji wa aina moja tu, zikubaliane maswali yaleyale, na matokeo ya kwanza yajadiliwe na madaktari na wauguzi wenyewe kabla ya kubandikwa ukutani.

Muuguzi mstaafu,
Tukuyu